Wasomaji Wanauliza: Anti, mbona mlima umeuchora kinyume?

Mwezi uliopita nilisema mniulize chochote kuhusu hii kazi yangu ya kuandika na kuchora vitabu vya watoto, basi mmeniuliza kweli. Mengi yamekuja kwa simu, na moja mama mmoja kanikabidhi mkononi Mbuyuni sokoni limeandikwa nyuma ya karatasi ya mchango wa harusi. Nimechagua haya, yaliyofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Dada, siku yako inaendaje? Mi nakuwazia umekaa bustanini na kahawa unachora vipepeo. (Msomaji, Sakina, Arusha)

Haha, kahawa ipo, bustani ndo hamna. Nakaa Majengo hapa Moshi, meza yangu ya kazi ni ile ile ya kulia chakula imesogezwa dirishani, na dirisha linatazama ukuta wa jirani na kipande cha mlima Kilimanjaro kama mawingu hayajashuka. Naamka saa kumi na moja, watoto wakishatoka kwenda shule ndo nakaa chini. Asubuhi ni ya rangi tu, kwa sababu mwanga wa jua haudanganyi, simu naiweka chumbani. Niliwahi kupaka kurasa sita usiku chini ya ile taa ya njano, nikaona shati la babu limepauka nikaongeza njano, nikaona bado nikaongeza tena, kuja kuamka asubuhi babu wa watu kavaa shati linawaka kama koti la reflekta la bodaboda. Kurasa sita zote. Toka siku hiyo usiku nachora kwa penseli tu.

Mchana naandika, na kuandika kwangu zaidi ni kusoma kwa sauti jikoni huku maharage yanachemka. Sentensi ikinikata pumzi naikata na yenyewe, maana atakayekuja kuisoma ni mwalimu mbele ya watoto sitini au mama aliyechoka saa mbili usiku. Dada wa kazi wiki yake ya kwanza alinikuta namfokea fisi kwa sauti nzito akajua ndo kaingia nyumba ya mkosi.

Jioni natembea. Hapo watu wanaona kama naranda ila hiyo ndo kazi yenyewe. Juzi barabara ya Double Road nilimwona binti wa miaka kama tisa hivi kambeba mdogo wake mgongoni, mkono mmoja umeenda nyuma kumshika mtoto, wa pili una dumu la maji, na kiatu kimoja cha mtoto kilichovuka kakiuma kwa meno kwa kamba yake, anatembea hata hana habari. Kama ningekaa mezani kubuni hicho kiatu mdomoni nisingekipata hata kwa mwaka. Nikachora haraka nyuma ya risiti, risiti nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga ninakowekaga vipande kama hivyo, ipo siku kitatoka.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nasoma darasa la tatu. Mwalimu alitusomea kitabu chako. Mbona Mawenzi umeuweka kushoto? Kwetu uko kulia. Halafu mbega wako ana kidole gumba. (Mwanafunzi, Moshi Vijijini)

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma nikainuka nikaenda nje kuutazama mlima, mimi niliyezaliwa chini ya huu mlima! Uko sahihi kabisa. Ukisimama huku kwetu upande wa kusini, vile vilele viwili vya mlima, Kibo iko kushoto na Mawenzi na meno yake iko kulia. Kilichotokea ni kwamba ile wiki mawingu yalikaa siku nne mfululizo, ilikuwa masika, mi nina haraka mhariri anapiga simu, nikachukua picha kwenye intaneti nikachora kama ilivyo. Kumbe imepigwa kutoka upande wa Kenya, na ukiwa kule mlima unaonekana kwa nyuma, Mawenzi inahamia kushoto. Kwa hiyo bibi wa kwenye hadithi anakaa Kibosho, huku kwetu kusini, ila dirisha lake linatazama mlima kutokea Loitokitok. Bibi ana maajabu huyo.

Kwenye mbega ndo umenimaliza. Ni kweli hana kidole gumba, pale mahali pake kuna kinundu tu, ana vidole vinne virefu vya kunasa matawi, na mi nilimchora kashika kikombe cha chai kama mjumbe wa nyumba kumi. Mbega wenyewe wapo msitu wa Rau, si mbali, ningetembea tu. Nikaenda, nikakaa chini ya mti mpaka shingo ikauma. Toleo jipya likitoka utamkuta kashika kikombe kwa viganja viwili, na pembeni nimemwongezea mtoto wa mbega mweupe mwili mzima maana wanazaliwa hivyo, weusi unakuja baadaye. Na kitabu kimoja ni chako, nampa mwalimu.

Niwaambie na wakubwa kitu hapa. Mtoto akisomewa, macho yake hayana kazi nyingine. Wewe unafuata maneno, yeye yuko kwenye picha, kaimaliza katikati kaenda kwenye kona, anahesabu vidole. Ndo maana kona za picha nazichora mwanzo siku hizi, mkono ukiwa haujachoka.

SWALI: Unaanza na maneno au picha? Nina hadithi ya kurasa 50 kuhusu sungura, nitafute mchoraji? (Mwalimu, Ngarenaro)

Mwalimu, kurasa 50 za kitabu cha picha ni nyingi mno, mtoto atalala sungura bado hajatoka shimoni. Vitabu hivi vinakwenda 16, 24 au 32, na sio kwa kupenda, ni kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani ikichapwa na kukunjwa inatoa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita. Mimi kitabu cha kwanza nilipeleka kurasa 21 kwa mchapaji mmoja, hakuniuliza kitu, kikarudi na kurasa tatu nyeupe mwishoni, watoto wakadhani hadithi haijaisha.

Mi naanza na vijipicha vya ukubwa wa kiberiti, kitabu kizima kwenye karatasi moja ya manila, kila boksi ni ukurasa. Maneno yanakuja juu yake halafu nayapunguza. Mfano niliandika "Bibi alikwenda sokoni amebeba kapu la mayai, nyuma yake kuku mwekundu akamfuata kimyakimya." Nilipomaliza kuchora nikaona kuku yuko pale kwenye picha, wa nini kumtaja? Nikabakiza "Bibi alikwenda sokoni." Basi mtu mzima anasoma hivyo kwa utulivu wake na mtoto anapiga kelele kuna kuku! kuna kuku! na hapo mtoto kamzidi msomaji akili, raha yote ya kitabu iko hapo. Kwa hiyo mwalimu usitafute mchoraji kwanza, kaa na hizo kurasa 50, futa kila kitu ambacho picha itasema yenyewe, halafu hesabu tena zimebaki ngapi.

SWALI: Inalipa? Sema ukweli.

Mrabaha, yaani fungu lako kwenye kila nakala inayouzwa, mara nyingi ni kama asilimia 10 ya bei, ukiwa mwandishi na mchoraji tofauti mnagawana hiyo hiyo, na inakuja kwa mwaka sio kwa mwezi. Hailishi nyumba. Kinachonilisha ni kuta, nachora za chekechea, herufi na wanyama, na mara moja moja mabango ya saluni. Kitabu kikitaka kuingia shuleni kama cha ziada lazima kipite Taasisi ya Elimu Tanzania kupata ithibati, hapo kama kinapita ndo unaona nakala nyingi. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inapatikana Bodi ya Huduma za Maktaba, asikuuzie mtu mtaani.

SWALI: Nikituma hadithi yangu kwa mchapishaji si wataiiba?

Hakimiliki ni yako tokea unapoiandika, sheria yetu ya mwaka 1999 inakulinda uhai wako wote na miaka 50 baada ya hapo. Ukitaka kumbukumbu nzuri kasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Ila wazo tupu halilindwi, sungura mjanja ni wa wote, kinacholindwa ni vile wewe ulivyomwandika. Mi naona tatizo kubwa ni kusaini mkataba bila kuusoma. Niliwahi kuuza michoro yangu yote ya kitabu kwa malipo ya mara moja nikidhani nimepata bahati, kilipochapwa mara ya tatu nikawa naangalia tu dirishani dukani.

SWALI: Sasa hivi akili mnemba inachora kwa sekunde, si utafute kazi nyingine?

Nimeijaribu, mi sio mtu wa kuogopa vitu. Niliiomba bibi wa Kichaga anapepeta mchele kwenye ungo, ikanipa mama mrembo sana kashika sinia la pizza, nyuma yake kuna twiga. Twiga Uru, huku Uchagani kwetu, jamani. Huenda mwaka kesho itajua ungo ni nini, sitabishana na teknolojia. Lakini darasa la tatu aliyekamata kidole gumba changu ataikamata na yenyewe, na nitafurahi nikiwepo.

SWALI: Picha zako kwenye simu zinang'aa ila kitabuni zimefifia, kwa nini?

Simu inatoa mwanga, karatasi haitoi. Kiwandani wanachanganya wino nne tu, na kijani kile kikali cha kwenye skrini hakipo humo ndani. Mgomba wangu wa kwanza ulitoka rangi ya mchicha uliochemshwa sana. Omba prufu, yaani nakala ya majaribio, ya karatasi, usikubali ya kwenye simu.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne anachora ukuta wa sebuleni, nimempiga nimechoka. Na tumepanga. (Mama, Pasua)

Usimpige mama. Anachora ukutani kwa sababu ukuta ni mkubwa na uko kimo chake, sisi tunampa daftari dogo mkono wake bado unataka kwenda mbali. Nunua manila mbili tatu steshenari, sio ghali, zibandike pale pale anapopapenda, chini, usawa wa kifua chake sio chako. Na akimaliza usimuulize "hii ni nini?" maana inamwambia haijaeleweka, kaa chini mwambie "haya nihadithie." Wangu aliwahi kunichorea duara moja na mstari, nikajua ni jua, nilipomwambia anihadithie ikawa ni Mawenzi anaomba moto kwa Kibo na Kibo anatwanga ndizi kavu, ile hadithi ya bibi yangu, na huo mstari ni mchi Kibo aliompigia Mawenzi mpaka kichwa chake kikawa na mapengo. Yote hayo kwenye duara moja.

Ukuta wa sasa, kama ni penseli utatoka kwa ufutio laini. Kama ni kalamu ya wino, mwambie mwenye nyumba mapema kabla hajaja kudai kodi.