Arusha haina fimbo, mkopeshaji anayo

Ndugu yangu, umeuliza kama Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, inaweza kuilazimisha Dodoma ibane matumizi. Kwa sasa, hapana. Itifaki ya Umoja wa Fedha ya 2013 inataka nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni, likipimwa kwa thamani ya leo ya malipo yake yajayo, lisizidi asilimia 50, lakini hakuna wa kukuadhibu ukivuka. Sarafu moja ya Jumuiya yenyewe imesogezwa kutoka 2024 hadi 2031.

Hata Umoja wa Ulaya, wenye kikomo hichohicho cha nakisi, mwaka 2003 Ujerumani na Ufaransa zilivuka asilimia 3 na hatua dhidi yao zikasimamishwa. Ugiriki ndiyo iliyobanwa kwelikweli kuanzia 2010, kwa kuwa ilihitaji mkopo: pesa zilitoka kwa awamu, kila awamu baada ya ukaguzi, na pensheni za wazee zikakatwa. Nguvu iko hapo kwenye awamu. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hutukopesha kwa mtindo huohuo.

Kinachoniuma ni kwamba bajeti ikifika bungeni hapa Juni, masharti mengi huwa yameshazungumzwa. Wabunge wadai kuyaona mapema, kabla zahanati ya kijijini Bahi haijapunguziwa fungu.