Bia Ndooni: Imeharibika au Inachachuka Tu?

Maswali haya ni ya wanaoanza kupika bia ya kimea nyumbani, ndoo ya lita 20, kwa hamira ya eli, ile inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 22.

Siku ya tatu limepanda povu zito la kahawia, limegandamana ukutani mwa ndoo. Niimwage?

Usiimwage. Hilo ni povu la hamira, protini na utomvu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Litazama lenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki. Vipande vya rangi ya maziwa vitakavyobaki vikielea ni hamira pia.

Sasa uchafuzi wenyewe unaonekanaje?

Povu likishazama, tazama juu ya bia. Ngozi nyeupe iliyokunjamana, au mapovu makubwa makavu yenye vumbivumbi, ni kazi ya hamira pori au bakteria waliopata hewa. Lakini kwa macho huwezi kujua ni nani aliyeingia. Vuta bia kidogo kutoka chini ya ngozi kwa bomba lililotakaswa, uionje. Uchachu laini wa maziwa mgando huletwa na bakteria aitwaye laktobasila, na bia hiyo inanyweka ukiipenda. Ikivutika kama mlenda, shuku bakteria mwingine, pedikokasi. Ikinuka siki, kifuniko kinavuja au umekuwa ukichungulia mno, maana bakteria wa siki hawafanyi kitu bila oksijeni. Siki haina tiba.

Ukungu wenye manyoya, wa kijani, bluu au mweusi, ni kesi nyingine. Mwaga ndoo nzima. Usiengue juu ukanywa chini, kwani kuvu nyingine hutoa sumu.

Kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, hakitoi mapovu tangu jana. Hamira imekufa?

Kizibo si kipimo. Gesi hupenya hata pembeni mwa kifuniko. Tumia haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki: maji matupu ni 1.000, na namba hushuka sukari ikiliwa. Ulianza 1.048 na sasa ni 1.012? Huenda imemaliza. Kipimo kikibaki palepale siku tatu, jaza chupa. Kikiendelea kuteremka polepole hadi 1.004 au chini zaidi, huenda kuna hamira pori inayokula sukari ambazo hamira yako haiwezi kula. Bia hiyo usiitie kwenye chupa za kioo, zitapasuka. Na sampuli uliyopima usiirudishe ndooni.

Inanuka mayai viza.

Ni salfa ya hamira, hasa zile za laga, bia inayochachushwa kwa baridi. Iache wiki moja, gesi itaibeba.

Ina ladha ya dawa ya hospitali. Vyombo nilisafisha kwa Jiki.

Basi mshukiwa wa kwanza ni Jiki. Klorini yake ikikutana na fenoli, kemikali zilizomo kwenye bia, huzaa klorofenoli, ambazo ulimi huzitambua hata zikiwa kidogo mno, na haziondoki. Ukiitumia tena, chagua isiyo na manukato: ile ya 3.5%, mililita 6 kwa lita ya maji baridi, dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Chombo kioshwe kwanza, maana dawa haipenyi uchafu. Maji ya bomba ya kupikia nayo yana klorini. Robo ya kidonge cha Campden, kinachoondoa klorini, inatosha lita 20.

Nani atanihakikishia haitanidhuru?

Bia iliyochachuka ina pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.5, alkoholi na hopsi. Vijidudu vya maradhi haviwezi kuzaliana humo. Hatari iko kabla ya hapo, maji ya kimea yakiwa bado matamu. Saa 48 zikipita na haidromita haijashuka, tia pakiti mpya ya hamira, gramu 11. Yakiwa tayari yananuka mboga zilizooza, mwaga.

Niko Dar, chumbani nyuzi 30. Bia inanuka spiriti na inachoma kooni.

Hapo kosa ni joto. Hamira ikipashwa kiasi hicho hutoa alkoholi nzito, na uchachukaji wenyewe huongeza nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba. Weka ndoo kwenye beseni la maji, izungushie khanga iliyoloa, tumbukiza beseni chupa mbili za maji yaliyogandishwa, ubadilishe asubuhi na jioni. Siku tatu nne za mwanzo ndizo zenye maana. Baada ya hapo joto halidhuru sana. Usipotaka kazi hiyo, tafuta kveik, hamira ya mashambani ya Norwei, ambayo nyuzi 30 kwake ni raha.