Zabibu za Hombolo na Kipimo cha FRAP

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara hapa Dodoma. Ninakusudia kulinganisha antioksidanti, yaani kampaundi zinazokinga seli dhidi ya oksidisho, katika damu ya watu kabla na baada ya kula zabibu za Hombolo. Nimeshauriwa kwamba kipimo cha FRAP kinatosha. Je, ni kweli? Na tishu hupimwaje?

JIBU: Hakitoshi, na kwa zabibu kinaweza kukupotosha. Kipimo hicho, kilichochapishwa na Benzie na Strain mwaka 1996, huonyesha uwezo wa plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, kugeuza chuma kutoka umbo la feriki kuwa la ferasi. Rangi ya buluu inayotokea husomwa kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kwenye nanomita 593. Hakibainishi ni kampaundi gani iliyofanya kazi hiyo. Katika plazma ya binadamu, sehemu kubwa ya uwezo huo hutoka kwa asidi ya yuriki, ambayo mwili huitengeneza wenyewe, nayo fruktosi, sukari iliyojaa katika zabibu, huipandisha asidi hiyo inapovunjwa kwenye ini. Hivyo unaweza kuzisifu antioksidanti za ganda la zabibu kwa kazi iliyofanywa na sukari yake. Nakusihi upime asidi ya yuriki katika sampuli ileile, na kundi la kulinganishia linywe maji yenye kiasi kilekile cha sukari.

Usichukue damu ya FRAP katika chupa yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa EDTA hukamata chuma kinachohitajika; tumia yenye heparini, kizuia mgando kingine.

Vitamini C ipimwe peke yake kwa HPLC, mashine inayotenganisha kampaundi na kupima kila moja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla ya kufika maabara, kwa sababu vitamini hiyo hupotea upesi, na safari ya Hombolo hadi mjini katika joto la Novemba haiisamehe. Weka damu kwenye barafu, gizani, utenganishe plazma mapema, uichanganye mara moja na asidi ya metafosforiki ili vitamini isiharibike, kisha uigandishe kwenye nyuzi -80.

Glutathioni, antioksidanti nyingine ya mwili, haionekani katika FRAP, na nyingi yake imo ndani ya seli nyekundu. Hupimwa kwa kemikali ya DTNB, inayotoa rangi ya manjano kwenye nanomita 412.

Tishu huoshwa kwanza kwa maji ya chumvi yaliyopoa sana ili damu itoke, husagwa juu ya barafu, na jibu huandikwa kwa kila miligramu ya protini.