Je, Sonona ya Mzazi Mzee Hutibiwa Bila Kulazwa?

SWALI: Mama yangu ana miaka 71. Tangu baba afariki anakula kidogo mno, usiku hapati usingizi, na amekuwa msahaulifu. Majirani wanasema ni uzee tu. Je, anaweza kutibiwa bila kulazwa? – Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Anaweza. Dalili hizo huweza kuwa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, na wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakitokea nyumbani. Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako mnaweza kupewa rufaa ya kwenda kliniki ya afya ya akili, kwa mfano ile ya Hospitali ya Bugando. Sonona si sehemu ya uzee, na kwa wazee huweza kuleta usahaulifu unaofanana na ule wa magonjwa ya ubongo, ndiyo maana inafaa daktari apime kwanza damu, sukari na tezi ya shingo, na aone dawa zote anazotumia mama, zikiwemo za mitishamba. Dawa za sonona kwa wazee huanza na dozi ndogo, na nafuu huchukua wiki kadhaa; hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa na kuziacha, jambo linaloniumiza sana. Akisema hataki tena kuishi, msingoje siku ya kliniki: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.