Gemu inakwama? Usikimbilie kadi ya picha

Ndugu yangu, umesema una prosesa ya Intel i5-7400 na kadi ya picha GTX 1660, gemu inakwama kila wachezaji wakijaa uwanjani, na unataka kununua kadi mpya ya picha. Subiri kwanza. Fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinatumika kwa asilimia ngapi, ukiwa unacheza. Prosesa ikigonga asilimia 100 huku kadi ikiwa 60, kadi haina kosa. Inasubiri kuletewa kazi.

Hiyo i5 ina viini (cores, sehemu zinazofanya kazi) vinne na nyuzi (threads, foleni za kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) nne tu. Gemu za sasa hugawa kazi: mienendo ya maadui huku, fizikia kule, sauti pembeni, na Discord na brauza nazo zinadai zao. Nilikuwa na mashine kama yako. Nilipohamia prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, viini sita na nyuzi 12, kukwama kuliisha, na kadi ni ileile. Ukifanya hivyo utahitaji madabodi (bodi kuu ya kompyuta) nyingine, ila RAM yako, kama ni ya aina ya DDR4, unaihamisha.

Tafadhali, usinunue i5 ya kizazi cha 8 kwa madabodi uliyonayo. Soketi, yaani pale prosesa inapokaa, inafanana, lakini haitawaka. i7-7700 itakubali, ukiipata kwa bei nzuri. Na kama hujawahi kubadilisha prosesa, mpe fundi: pini za soketi ya Intel ni laini mno, zikipinda umepoteza madabodi.