Kabla Hujalipia Ile Makala

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nililipa dola 39 kwa makala moja kuhusu makazi ya Waafrika Nairobi wakati wa ukoloni. Kurasa kumi na tisa. Niliazima kadi ya benki ya dada yangu, kisha nikashindia ugali na sukuma kwa wiki mbili ili kumlipa. Mwezi haukuisha kabla sijaikuta makala ileile katika hazina ya kidijitali ya chuo cha mwandishi, bure. Tangu siku hiyo sijalipia makala tena, wala sijaiba hata moja.

Nyinyi mnaoanza mwaka huu, shikeni hili: makala moja mara nyingi ina makao mawili au matatu. Mchapishaji anaiuza kwake, lakini wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka rasimu yake, ile iliyokwisha kupitiwa na wahakiki, katika hazina ya chuo chake, pengine baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo ukifika kwenye ukurasa unaodai pesa, rudi nyuma. Andika kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kisha chini ya tokeo ufungue orodha ya matoleo yote. Faili ya PDF ikiwepo, huonyeshwa upande wa kulia. Weka pia Unpaywall, kiongezi cha bure kinachotafuta nakala huria, katika kivinjari chako. Nakala huria ikipatikana, kufuli la kijani linatokea pembeni mwa ukurasa. Ukikosa kote huko, mwandikie mwandishi: jina lako, chuo chako, makala unayoitaka, asante. Mmoja alinijibu usiku huohuo, akaniongezea na sura mbili za kitabu ambazo sikuwa nimeziomba.

Kabla ya hayo yote, mwone mkutubi. Vyuo vingi vya Kenya viko katika KLISC, muungano wa maktaba unaolipia majarida kwa pamoja, na wanafunzi kibao humaliza masomo bila kujua kwamba karo yao ilishalipia walichokuwa wakikitafuta. Uliza neno la siri la kutumia ukiwa nyumbani. Asiye na chuo anaweza kufungua akaunti ya bure JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, na kusoma humo hadi makala 100 kila siku 30. Zinatosha, usipokuwa mlafi.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo wageni wengi wanaponiudhi. Mtu anaandika kuhusu mtaa wa Mathare, Nairobi, akitegemea vitabu vya London peke yake. Anza na tasnifu zilizoko katika hazina za Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta. Usizisome kwa ajili ya hoja tu, nyingine hoja zake ni nyepesi. Nenda moja kwa moja kwenye marejeleo: kuna mtu aliyezunguka miaka miwili akikukusanyia orodha. Kisha tovuti ya AJOL kwa majarida ya Afrika, na jarida la Africa Development la CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika lililoko Dakar. Wa Kiswahili wasilikose jarida la Swahili Forum, wala Mulika na Kiswahili, majarida ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Takwimu za sensa ya 2019 ziko kwa KNBS, shirika la takwimu la Kenya, maoni ya wananchi yako kwenye tovuti ya Afrobarometer, hukumu na sheria kwenye tovuti ya Kenya Law. Gazeti Rasmi la Serikali limepigwa picha na kuwekwa Google Books, na humo utakuta ilani za ardhi, mirathi na uteuzi wa machifu. Nyaraka za tume yetu ya ukweli, haki na maridhiano nilizipata katika hazina ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani. Mambo yetu yamehifadhiwa mbali hivyo!

Lakini hata ukijua pa kutafuta, utatoka mikono mitupu usipojua jina la kutafutia. Juzi nilikaa na kijana mmoja wa Kilifi anayeandika kuhusu upinzani wa Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda wa pwani, dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914.

"Mwalimu, nimeandika Mijikenda mpaka nimechoka. Nyaraka za wakati ule hazileti kitu."

"Andika Nyika."

Akaandika. Ukurasa ukajaa. Jina Mijikenda lilishika miaka ya 1940. Kabla ya hapo maafisa wa kikoloni waliandika Nyika. Akabaki anaitazama skrini.

"Yaani babu zetu walikuwa wanaitwa pori?"

Ndiyo, na ukilikwepa jina hilo hutawaona babu zako katika maandishi ya wakati ule. Vilevile andika Kavirondo unapotafuta Waluo na Waluhya wa zamani, Masai kwa a moja, na Native Location kwa ajili ya Pumwani, mtaa wa Waafrika Nairobi. Mimi huwa na daftari la majina ya namna hii. Linanisaidia kuliko programu yoyote niliyowahi kuipakua.

Kuhusu barua pepe zinazokusifu na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tano ukilipa: kagua kwanza kama jarida hilo limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria. Lisipokuwemo, mwulize msimamizi wako kabla hujatuma shilingi.

Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, usichome bando lako. Ipe faili jina la mwandishi na mwaka papo hapo, kwa sababu faili iitwayo "download(14)" hutaijua ifikapo Machi. Na yako majalada ya wakuu wa wilaya ambayo hayajawahi kuwekwa mtandaoni. Kwa hayo panda matatu hadi mjini, shuka, vuka hadi lile jengo la Nyaraka za Taifa kati ya Moi Avenue na Tom Mboya, na ubebe penseli.