Krete na watoto pamoja na bibi: chagueni upande mmoja wa kisiwa

Dada, nimesoma maswali yako yote. Mna wiki moja mwezi wa kumi, watoto wa miaka 9 na 5, na mama mkwe atakayekuwa amefika kutoka Moshi. Unauliza kama wiki inatosha kuzunguka Krete yote, kisiwa hicho cha Ugiriki, mkae wapi, mkodi gari au mpande basi, na kama viza ya bibi itamruhusu. Nasi tunaishi Ujerumani, na Krete tulikwenda na watoto pamoja na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, kwa hiyo nakujibu kwa tuliyoyaona.

Kisiwa chote kwa wiki moja, hapana. Ratiba uliyopewa na msomaji mwingine, ya kulala mji wa Heraklion siku mbili, Rethymno mbili, Chania mbili, halafu mkimbie hadi ufuko wa Vai kule mashariki, inawafaa vijana wenye begi moja mgongoni. Krete ina urefu wa kama kilomita 260, na katikati ni milima mitupu. Mlima Psiloritis una urefu wa mita 2,456. Ukitazama ramani unaona pwani ya kusini iko hapo tu, lakini barabara inapanda na kushuka kona baada ya kona, na mtoto wa miaka mitano kwenye kiti cha nyuma hawezi kuvumilia hayo kila siku. Kufungasha na kufungua mabegi kila baada ya usiku mbili kutamchosha bibi kuliko safari yenyewe.

Mimi ningechagua magharibi, upande wa Chania. Kama bei ya tiketi inaruhusu, ingieni kwa uwanja wa Heraklion, mlale hapo usiku mmoja au miwili kwa ajili ya Knossos, magofu ya jumba la kale la kifalme, kisha mwende magharibi mtulie, na kurudi mpandie ndege Chania. Kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 140.

Knossos nendeni asubuhi lango linapofunguliwa, kabla mabasi ya watalii hayajaanza kushusha watu. Ni kilomita 5 tu kutoka mjini. Mfanyabiashara wa hapo hapo Heraklion, Minos Kalokairinos, ndiye aliyeanza kuchimba mwaka 1878, lakini sifa nyingi zilimwendea Mwingereza Arthur Evans aliyeanza kazi mwaka 1900 na kuyajenga upya baadhi ya majengo kwa zege, na zile nguzo nyekundu unazoziona kwenye picha zote. Wataalamu wengi wanamlaumu kwa hilo mpaka leo. Lakini ukiwa na watoto, utashukuru kwamba kuna ukuta na ngazi za kuwaonyesha, maana mawe yaliyolala chini peke yake hayamwambii mtoto kitu. Wangu walisimama muda mrefu mbele ya mitungi ya udongo ya kuhifadhia mafuta na nafaka. Mitungi ile inampita mtoto kimo, ina vishikio vingi kuanzia shingoni hadi karibu na kitako, na mistari ya udongo iliyofinyangwa kama kamba kuizunguka. Binti yangu alikuwa anahesabu vishikio na kuuliza ni watu wangapi walihitajika kuubeba mmoja.

Mchana jua likiwa kali, ingieni makumbusho ya Heraklion. Msijaribu kuona kila chumba. Nendeni kwenye ile picha ya ukutani ya kijana anayeruka juu ya mgongo wa fahali, kisha kwenye diski ya Phaistos, kibamba cha udongo kilichopatikana mwaka 1908 chenye alama zinazojizungusha pande zote mbili, ambazo hakuna aliyefanikiwa kuzisoma kwa namna inayokubalika na wote. Mtoto wa miaka 9 ukimwambia hilo, hatoki pale haraka.

Kwa bibi, Heraklion ina kanisa la Agios Titos, yaani Tito yule yule ambaye Paulo alimwacha Krete atengeneze mambo ya kanisa. Fuvu linaloheshimiwa kuwa lake lilipelekwa Venice mji ulipoanguka mikononi mwa Waturuki mwaka 1669, likarudishwa mwaka 1966, na sasa limewekwa humo kanisani. Mama yangu ni mtu wa Biblia, amesoma waraka wa Tito maisha yake yote, na pale alikaa kimya kwenye benchi muda mrefu kuliko mahali popote pengine safarini. Aliulizia pia Bandari Nzuri ya Matendo ya Mitume sura ya 27. Ipo kweli, inaitwa Kaloi Limenes, lakini iko pwani ya kusini mbali na njia yenu, na kwa wiki moja ningeiacha.

Mkifika magharibi, msilale ndani ya mji wa kale wa Chania. Ni mzuri mno, ile bandari ya Waveneti na mnara wake wa taa ni ya kutembelea jioni baada ya jioni, lakini vijia vyake gari haliingii, nyumba nyingi zina ngazi nyembamba, na usiku kuna kelele za mikahawa. Sisi tulipanga nyumba yenye jiko karibu na Kolymbari, kati ya Chania na Kissamos, na nyumba yenye jiko ndiyo iliyotupa raha: bibi anapika uji asubuhi, watoto wanacheza uani chini ya mizeituni. Mzeituni wa Ano Vouves uko jirani na hapo. Wanakadiria una zaidi ya miaka 2,000, shina limejisokota hadi limefanya pango ambalo mtu anaingia, na bado unazaa. Matawi yake yalitumika kusuka mataji ya washindi wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004.

Chania yenyewe, mkitembea kutoka bandarini kuelekea mashariki mtafika Koum Kapi. Enzi za Waturuki mtaa huo ulikaliwa na watu waliotoka Afrika, wengi wao wakifanya kazi bandarini. Siku hizi ni mikahawa kando ya bahari, lakini ninapenda watoto wetu wajue kwamba kwenye kisiwa hicho sisi si wageni wa jana.

Ufuko wa watoto wadogo ni Elafonisi, na hapa sina wasiwasi hata kidogo. Maji yanafika magotini sehemu kubwa, unavuka kwa miguu hadi kwenye kisiwa kidogo cha ng'ambo, na mchanga una mistari ya rangi ya waridi inayotokana na vipande vya viumbe vya baharini vyenye gamba. Kutoka Chania ni kama saa moja na nusu kwa gari, ukipitia bonde la Topolia. Fikeni mapema sana, na waambieni watoto mchanga haubebwi, eneo linalindwa. Balos nayo ni nzuri, ila unafika kwa boti kutoka Kissamos au kwa barabara ya vumbi na mawe inayoishia kwenye mteremko mrefu wa miguu. Bibi abaki nyumbani siku hiyo.

Korongo la Samaria liacheni. Ni kilomita 16 za kushuka juu ya mawe, na ukishaingia hakuna njia ya mkato. Imbros ni fupi zaidi, kama kilomita 8, na huyo wa miaka 9 anaiweza. Siku ambayo kila mtu amechoka, nendeni ziwa Kournas, mkodi boti ya kukanyaga pedali, watoto watafute kasa majini.

Chakula hakitawasumbua. Agizeni dakos, mkate mkavu wa shayiri uliolowana nyanya na mafuta ya zeituni, na jibini laini juu. Samaki huuzwa kwa kilo, hivyo omba apimwe kabla hajaenda jikoni na uulize bei. Kwa wasomaji Waislamu: mishikaki pale mara nyingi ni nguruwe, sema unataka kotopoulo, yaani kuku. Mkimaliza kula wataleta matunda na kichupa cha raki bila malipo. Pombe ikataeni kwa upole, matunda ni yenu.

Gari kodini. Mabasi ya KTEL, yaani mabasi ya abiria ya huko, ni mazuri kwenye barabara kuu ya kaskazini, lakini fukwe za kusini na bibi vinahitaji gari. Barabara hiyo ya kaskazini ina desturi yake: anayekwenda polepole husogea pembeni juu ya mstari ili wa nyuma apite. Fanyeni hivyo hivyo, msishindane nao. Agizeni kiti cha mtoto mapema na mchukue bima kamili.

Mwezi wa kumi bahari bado ina joto, ila kuelekea mwisho wake mvua zinaanza na boti nyingi zinafunga msimu, kwa hiyo wiki ya mwanzo ni bora.

Na viza: Ugiriki iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo bibi akiwa na viza ya kawaida ya Schengen iliyotolewa na Ujerumani anaingia Krete bila kuomba nyingine, hata kama ni ya kuingia mara moja, maana hatoki nje ya eneo. Angalieni siku zilizoandikwa kwenye viza hazijapita na bima yake ya safari inahusu nchi zote za Schengen. Bebeni pasipoti na vibali vyenu vya ukaazi mkononi, si kwenye sanduku: sisi wakati wa kurudi tulikaguliwa mlangoni pa ndege, kila mmoja, hadi watoto.